Sayansi ya Kiangazi na Haki ya Mgonjwa

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu masikio, macho na moyo ili apate kujifunza. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaofuata njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu katika imani, wadogo zangu wapenzi.

Kiangazi kimeingia. Vumbi la Gitega limeshatanda juu ya majani ya migomba, mitihani imekwisha, na wengi wenu mmeshapanda gari la kupitia Karuzi kurudi nyumbani Muyinga. Wachache wamebaki. Nimewaona baada ya Swala ya Alfajiri wamekaa kwenye kona ya msikiti na madaftari yao ya kemia na anatomia. Hawa ndio wanaotaka kuingia masomo ya uuguzi, na likizo kubwa ndiyo nafasi yao ya kuziba mapengo ya sayansi. Wako waliotoka sekondari katika sekisheni ya lugha, hawajashika mirija ya maabara hata siku moja. Wako walioshindwa somo katika mwaka na sasa wanalirudia. Na wako waliofaulu lakini wanajua mioyoni mwao kwamba hawakuelewa.

Wiki mbili zilizopita nilizungumza nao baada ya Swala ya Ijumaa, na wahariri wameniomba niyaandike niliyoyasema ili na walioko Muyinga wayapate. Nilizungumza kwa sababu ya maswali matatu niliyoulizwa.

Swali la kwanza liliulizwa na dada mmoja: "Kaka, nimepata nafasi ya kusoma kemia na anatomia zote mbili katika likizo hii moja. Nichukue zote nimalize haraka?" Swali la pili liliulizwa na kijana, naye aliuliza kwa sauti ya chini: "Haya masomo ya awali si ni mlango tu? Uuguzi wenyewe tutafundishwa tukishaingia. Mtu akisaidiwa kidogo katika mtihani, kuna ubaya gani?" Swali la tatu lilikuja kwa simu, na nyuma ya sauti ya muulizaji nilisikia vyombo vya jikoni: "Mama anasema nirudi Muyinga, kuna harusi mbili na maharage hayajapurwa. Nifanyeje?"

Maswali ni matatu lakini mzizi wao ni mmoja. Haki ya mgonjwa wako haisubiri mpaka siku utakayovaa koti jeupe. Imeshaanza leo, unapofungua daftari la kemia. Naomba tulitazame jambo hili kwa dalili za dini yetu, kisha niwasimulie lililonipata mimi mwenyewe.

Ndugu zangu, yuko Sahaba mmoja ambaye habari zake zimepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.). Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani likampasua. Usiku akaota, akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni kama anayo ruhusa, maadamu maji anaweza kuyapata. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika, akasema kwamba wale ndio waliomuua. Akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwa kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza.

Wale hawakuwa maadui zake. Walikuwa rafiki zake wa safari, watu wa swala na jihadi, na nia yao ilikuwa kuhifadhi tohara. Lakini walitoa jawabu bila ya elimu, na kidonda kikakutana na maji. Nia yao njema haikuwaondolea lawama ya Mtume (S.A.W.).

Hadithi ya pili wameipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah. Humo Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu anayejitia katika utabibu hali ya kuwa hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, basi yeye ni mdhamini. Yaani madhara yakitokea, yeye ndiye mwenye kuyabeba. Ibn al-Qayyim ameifafanua hadithi hii kwa urefu katika Zad al-Ma'ad. Ameeleza kwamba mtaalamu aliyeipa kazi haki yake na mkono wake haukuvuka mpaka, likitokea baya yeye hana dhamana. Asiyejua akamhadaa mgonjwa mpaka akamwamini, huyo ni mdhamini.

Sasa jiulizeni. Mgonjwa wa Muyinga anapomwona muuguzi mwenye koti na cheti, humuuliza alifaulu vipi kemia? Hamuulizi. Anakunjua mkono, anatoa mshipa. Cheti kimeshamwambia kwamba huyu anajua. Ikiwa cheti kimesema uongo, ni nani aliyemhadaa mgonjwa?

Na katika Suratul-Israa, aya ya 36, Allah (S.W.) anatukataza kufuata jambo tusilo na ujuzi nalo, na anatuonya kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mkono unaovuta dawa ndani ya bomba la sindano unaongozwa na vitu hivyo vitatu.

Wadogo zangu, nitawaambia jambo ambalo kwa miaka mingi sikupenda kulisema.

Mimi nami nilibaki Gitega kiangazi kimoja. Nilikuwa nimechukua masomo mawili mazito kwa pamoja, na mchana nilikuwa nasaidia dukani kwa mjomba ili nipate nauli na chakula. Asubuhi nilikuwa darasani, adhuhuri dukani, usiku nalala juu ya daftari. Mifupa niliihifadhi, maana mtoto wa madrasa hashindwi kuhifadhi. Hesabu za kuyeyusha zilinishinda: kiasi gani cha dawa, ndani ya maji kiasi gani, kila mililita ina miligramu ngapi. Nikasema nitazisoma wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na mada nyingine, na ile ikabaki nyuma.

Siku ya mtihani, swali la kuyeyusha lilikuwamo. Jirani yangu alisogeza karatasi yake. Sikumwomba, lakini nilitazama. Nikanakili, nikapata alama nzuri, nikapiga simu nyumbani Muyinga, na mama akasema Alhamdulillah. Ile Alhamdulillah ya mama bado inaniuma.

Miaka ikapita. Nikiwa katika mafunzo ya vitendo, zamu ya usiku, aliletwa mtoto ana malaria kali. Hospitali siitaji, wala si muhimu, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mtoto alikuwa na kilo 12, amelegea, macho yamepinduka, mama yake amembeba mgongoni kutoka kilimani kwa miguu. Dawa ilikuwa artesunate ya sindano. Kichupa kina miligramu 60 za unga. Kwanza unatia mililita 1 ya bikaboneti. Kisha, kama unachoma kwenye mshipa, unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi, na kila mililita inakuwa na miligramu 10. Kama unachoma kwenye msuli, unaongeza mililita 2 tu, na kila mililita inakuwa na miligramu 20. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kwa huyu ni miligramu 36. Kwenye mshipa ni mililita 3.6, na kwa kawaida hukaribishwa hadi 4. Kwenye msuli ni 1.8, hukaribishwa hadi 2. (Nimeeleza hivi ili muone hesabu ilivyo. Dawa yenyewe hutolewa na aliyefunzwa, kwa mwongozo ulioko mbele yake.)

Mimi niliyeyusha kwa ajili ya mshipa, nikavuta mililita 2. Kichwani mwangu ile 2 ilikuwa namba niliyoikariri, sikujua imetoka wapi. Nilikuwa nakaribia kumpa mtoto anayekufa nusu ya dawa yake.

Muuguzi mkuu wa zamu, mama mmoja mtu mzima, alinishika mkono. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Umeongeza maji kiasi gani?" Nikamwambia 5. Akauliza, "Basi kila mililita ina ngapi?" Nikanyamaza. Lilikuwa ni swali lile lile la kiangazi cha Gitega. Akavuta kiasi sahihi, akachoma, halafu akanirudisha kwenye karatasi, tukaifanya ile hesabu mara tatu, saa nane za usiku, pembeni ya kitanda.

Mtoto yule alipona, kwa idhini ya Allah. Mimi sina sifa yoyote katika kupona kwake. Na kila ninapoisoma Suratul-Mutaffifin, ambamo Allah (S.W.) anawatishia adhabu wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia watu hupunguza, najikuta niko mle ndani. Tumezoea kuisoma sura hii tukimfikiria muuza mchele. Muuguzi naye ni mpimaji. Mama yule alikuja na imani yake yote, na mimi nilikuwa nampimia nusu.

Sasa narudi kwa kijana aliyesema masomo haya ni mlango tu. Mdogo wangu, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona rundo la nafaka. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakutana na unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile yenye maji juu watu waione, akasema kwamba anayefanya udanganyifu hayuko pamoja naye. Hadithi hii iko katika Sahihi Muslim. Sisi watu wa Muyinga tunaijua vizuri, kwa kuwa tunajua gunia la kahawa au la maharage linavyopangwa: makavu juu, mabichi chini. Karatasi ya alama iliyopatikana kwa kukopia ni gunia hilo hilo. Juu ni pakavu. Siku moja mkono wa mgonjwa utaingia ndani.

Na liko jambo jingine ambalo sisi Waislamu wa Burundi hatuna budi kuambiana. Katika nchi yetu, neno Mswahili kwa muda mrefu limetumika kumaanisha Mwislamu. Ndiyo sababu miji yetu ina mitaa inayoitwa ya Waswahili. Na mnajua, wakati mwingine neno hilo husemwa kwa maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Jina hilo linatuumiza, na hatukustahili kuitwa hivyo. Tena mnajua kwamba wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na babu zetu wengi walichelea kuwapeleka watoto wasije wakabadilishwa dini. Wakashika biashara, udereva na ushonaji. Ninyi mnaosoma kemia leo ni watoto na wajukuu wa watu hao. Atakayekuwa muuguzi hodari mwaminifu katika kituo cha afya cha kilimani, atawafuta wengi dhana mbaya bila kufungua mdomo. Na atakayekamatwa na karatasi iliyofichwa kwenye mkono wa kanzu au chini ya hijabu, hataaibika peke yake.

Basi tufanye nini, tulio na wiki chache za kiangazi? Nitataja mambo sita.

La kwanza ni nia. Kabla ya kufungua daftari, mtu ajiulize anamsomea nani. Katika Suratul-Maidah, aya ya 32, Allah (S.W.) anaihesabu kazi ya kuihuisha nafsi moja kuwa kama kuwahuisha watu wote. Ukisoma figo kwa nia hiyo, kukaa kwako kitini ni ibada. Na ukisoma jinsi mtoto anavyoumbwa tumboni, kumbuka Suratul-Muuminun inavyotuhesabia hatua za kuumbwa kwetu, kutoka tone hadi mfupa uliovishwa nyama. Anatomia haimpeleki Mwislamu mbali na Mola wake.

La pili ni kuchukua mzigo unaobebeka. Dada yangu uliyeniuliza kuhusu kemia na anatomia, fanya hesabu kabla ya kujiandikisha. Somo la saa 60 likigawanywa katika wiki 15, ni saa 4 kwa wiki. Saa hizo hizo zikibanwa katika wiki 6, ni saa 10 kwa wiki, na hapo hujasoma hata dakika moja peke yako. Ukichukua masomo mawili ya namna hiyo, ni saa 20 za kukaa darasani, na kila saa moja ya darasani inataka saa moja au mbili za kudurusu. Ongeza kupika, kufua, na pengine kazi. Je, siku yako inatosha? Ndugu zetu walioko Marekani nao wanauliza swali hili hili, kwa kuwa vyuo vya huko hufundisha anatomia na mikrobaiolojia katika muhula wa kiangazi wa wiki 8 au pungufu. Jawabu langu kwao na kwako ni moja: somo moja zito kwa likizo moja. Ukitaka la pili, liwe jepesi. Na kama huna budi kuchagua, anza na kemia, kwa sababu figo, chumvi za mwili na pumzi hazieleweki vizuri bila ya kemia.

Msidhani huu ni uvivu. Allah (S.W.) haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na Mtume (S.A.W.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, kijana aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa haki hiyo ilitajwa mbele ya ibada, je, mbele ya mitihani? Mimi nilichukua mawili nikaona nimewahi. Hesabu moja niliyoikimbia ilinisubiri miaka mingi.

La tatu ni wakati. Katika Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametutajia neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo: afya na nafasi. Kiangazi ni nafasi. Jengeni siku zenu juu ya nguzo za swala. Baada ya Alfajiri kichwa ni kitupu na mji umetulia, hapo somea kile kinachokushinda zaidi. Yale ya kukariri yaweke baina ya Alasiri na Magharibi. Baada ya Isha fanyeni maswali machache, kisha mlale. Simu iwe mbali na kitanda. Kama umeme umekatika, usilalamike usiku kucha. Lala, na Alfajiri itakukuta mzima.

La nne ni namna ya kusoma. Sisi tuliopita madrasa tuna silaha ambayo wenzetu hawana. Tunajua kudurusu. Mwalimu hakukubali useme umeelewa. Alikufunga msahafu akasema, "Haya, soma." Fanyeni hivyo na anatomia: funga daftari, mweleze mwenzako njia ya damu kutoka moyoni hadi kwenye mapafu na kurudi. Ukikwama, hapo ndipo hujui. Lakini jihadharini, kuhifadhi peke yake hakutoshi. Mimi niliihifadhi namba 2. Kila hesabu lazima uweze kuifanya kwa namba ambazo hujawahi kuziona.

Na msiogope kuhoji kilichoandikwa. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, aliwakuta matabibu wakikubali kwa karne nyingi maneno ya Galen kwamba damu hupenya kutoka upande mmoja wa moyo hadi wa pili kupitia matundu yasiyoonekana. Akayapinga. Akaandika kwamba ukuta ule hauna matundu, na kwamba damu hupitia kwenye mapafu. Alifika huko kwa sababu alikataa kukariri jambo asilolielewa.

La tano ni kuuliza. Dawa ya kutojua ni kuuliza, na tumeona aliyeikosa dawa hiyo alivyokufa mwenzake. Nasema hasa kwa dada zetu wanaokaa nyuma ya darasa na kuondoka na swali lao mfukoni. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Haya ni sehemu ya imani, na kuuliza hakuitoi. Wakaka, nanyi mnaosoma na kuelewa haraka, msiwacheke wanaouliza. Kaa na mwenzako saa moja umfundishe hesabu, hiyo ndiyo sadaka. Kumsogezea karatasi siku ya mtihani si kumsaidia. Jirani yangu wa kiangazi kile alinipenda, na kwa mapenzi yake akanifikisha karibu na kaburi la mtoto wa mtu.

La sita ni wazazi. Dada uliyepiga simu, usikate simu ya mama na usimdanganye kwamba unaumwa. Nenda ukae naye, au mtume shangazi, umweleze siku zako zilivyo. Mwambie, "Mama, Jumamosi na Jumapili ni zako. Harusi nitakuja siku yenyewe. Siku nyingine naomba uniachie Alfajiri hadi Adhuhuri." Wazazi wetu wengi hawajawahi kuona mtu akisomea anatomia. Wanaona binti amekaa na daftari huku wenzake wanapura maharage, wanadhani anakwepa kazi. Akielewa, mama atakuwa wa kwanza kuwafukuza watoto wanaopiga kelele mlangoni.

Na ninyi wazazi mtakaosomewa makala haya, nawaomba kwa heshima. Tunasema tunataka binti zetu na wake zetu wahudumiwe na wanawake wanapojifungua. Wanawake hao watatoka wapi, ikiwa kila kiangazi tunawatoa kwenye vitabu kwenda kwenye masufuria? Uuguzi wa wanawake si jambo lililotujia kutoka nje. Sa'd bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, aliwekwa kwenye hema la Rufaida al-Aslamiya, mwanamke aliyekuwa akitibu majeruhi, na hema lake lilikuwa msikitini. Ummu Atiyya (R.A.) alikwenda pamoja na Mtume (S.A.W.) katika vita saba, akiwapikia watu, akitibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa. Habari yake iko katika Sahihi Muslim. Hao ndio mama zenu katika kazi hii.

Ndugu zangu, limebaki neno moja kwa yule ambaye atajitahidi, na somo likamshinda. Kurudia somo si fedheha. Nabii Musa (A.S.), pamoja na utume wake, alisafiri kumtafuta mwenye elimu asiyokuwa nayo, akaambiwa tangu mwanzo kwamba hataweza kuvumilia, na bado akaomba afuatane naye. Habari hiyo tunaisoma kila Ijumaa katika Suratul-Kahf, lakini huenda hatujaihisi. Ni bora kwako kuanguka kemia mara mbili ukiwa Gitega, kuliko kufaulu mara moja kwa macho ya jirani na kuanguka mbele ya kitanda cha mtoto. Kushindwa kwa darasani kuna likizo nyingine. Kule wodini hapana.

Na aliyekwisha kukopia kama nilivyokopia mimi, mlango wa toba uko wazi. Lakini toba ya kosa hili haiishii kwenye istighfari. Rudi kwenye ile mada uliyoikimbia, uisome mpaka uijue. Kiangazi hiki, kabla ya lolote jipya, tafuta ukurasa huo. Unajua ni upi.

Tumuombe Mola wetu. Ewe Allah, tufundishe yenye kutunufaisha, na utunufaishe kwa uliyotufundisha. Wafungulie vifua wadogo zetu waliobaki Gitega na waliorudi Muyinga. Wape wepesi katika masomo yao, ukweli katika mitihani yao, na mikono yenye uaminifu siku wagonjwa watakapowekwa mbele yao. Wabariki wazazi wao wanaojinyima ili wao wasome. Waponye wagonjwa wetu katika vituo vyote vya afya vya nchi hii, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na utusamehe tuliowapunja bila kujua na kwa kujua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.